Mnaosifia magauni ya Penny Dreadful, njooni tuongee

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na kina baba wachache mnaojificha humu mkisoma kimyakimya! Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo ni tamthilia. Nimetoka zamu, miguu imevimba kama ya mjamzito wa miezi tisa, nimeiweka juu ya ndoo, naandika.

Kuna tamthilia inaitwa Penny Dreadful. Si mpya. Ilianza kuonyeshwa Mei 2014 ikaisha Juni 2016, misimu mitatu, vipindi 27. Lakini mnajua mambo yetu, kitu kinazunguka kwenye flashi miaka kumi na bado kinaitwa kipya. Mwenzetu mmoja aliileta kazini, akaichukua mwingine, ikafika kwa mawifi, ikafika kwa dada anayetuletea vitafunwa getini, na sasa kila ninapopita naulizwa: "Nesi, umeliona lile gauni la Vanessa?"

Nimeliona. Ndiyo maana nipo hapa.

Kwa ambao hamjaiona: ni London ya mwaka 1891. Ukungu, taa za gesi, farasi, matope. Ndani yake kuna wanyonya damu, wachawi, mtu anayegeuka mbwa mwitu, na daktari kijana anayeshonashona maiti mpaka zinaamka. Jina lenyewe linatoka kwenye vijitabu vya kutisha vilivyouzwa peni moja huko Uingereza wakati wa Malkia Victoria. Aliyeiandika, John Logan, alichukua watu kutoka vitabu mbalimbali vya zamani, Frankenstein na kiumbe wake, Dorian Gray, habari za Dracula, akawaweka mji mmoja wakutane. Katikati yao kuna dada mmoja anaitwa Vanessa Ives, ameigizwa na Eva Green, macho makubwa, uso mweupe kama karatasi, gauni jeusi mpaka kwenye kidevu.

Na kabla sijaenda mbali: siyo ya kuangalia na watoto. Kuna damu, kuna watu uchi, kuna mambo. Mama mmoja aliniambia mwanawe wa miaka sita haamki tena usiku kwenda chooni peke yake na amerudia kukojoa kitandani. Nikamuuliza mlikuwa mnaangalia nini jioni. Kimya. Basi na mimi nikanyamaza, tukaelewana.

Sasa maoni ya watazamaji, jamani. Wapo wanaosema huyu dada angekuwa Dar mwezi wa pili angekuwa ameshazimia sokoni. Wapo waliompelekea fundi picha. Mama mkwe wangu aliangalia vipindi viwili, akauliza, "Huyu binti kwao hakuna mtu wa kumwambia avae rangi? Kila siku yuko msibani?"

Mama mkwe hakukosea sana. Malkia Victoria alifiwa na mumewe mwaka 1861, na alivaa nyeusi tangu hapo mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwaka 1901. Miaka arobaini. Malkia akivaa hivyo, wanawake wenye uwezo wanafuata. Sisi tunajua eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Kule mjane aliweza kukaa na nguo nyeusi miaka miwili na zaidi, tena kwa hatua: kitambaa hiki mwaka wa kwanza, kile baadaye, kisha kidogo kidogo rangi ya kijivu na zambarau. Kwa hiyo ule weusi unaouona kwenye tamthilia si urembo wa kutisha tu. Ilikuwa mitaa ya watu waliozikana sana.

Aliyebuni mavazi ni Gabriella Pescucci, mama wa Kiitaliano aliyekwishachukua Oscar kwa mavazi ya filamu ya The Age of Innocence. Mtu wa kazi yake. Ukitazama vizuri utaona nguo zake zina uzito, zinaburuta, zinakunjamana mtu akikaa. Hazifanani na zile za kukodi za sherehe zinazong'aa kama mfuko wa zawadi.

Halafu kitu kimoja cha kuchekesha. Dada wa vitafunwa aliniuliza mbona hawana vigodoro, yeye picha za wazungu wa zamani alizoziona zote zina vigodoro. Nikamwambia una jicho! Miaka ya 1870 na 1880 wanawake wa Ulaya walifunga nyuma ya kiuno fremu na mito ya kutokeza makalio, tena kubwa hasa. Kufika 1891 mtindo ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo wale mnaodhani kigodoro kimeanzia kwenye sherehe zetu, poleni, kimeshawahi kuingia na kutoka kwenye fasheni kabla bibi zetu hawajazaliwa.

SEHEMU YA 2

Tuje kwenye kiuno. Hapa ndipo penye maneno.

"Kiuno kama nyigu!" ndivyo wanavyosema wote. Na wengi wanaongeza lile la kwamba wanawake wa zamani walikuwa wanatolewa mbavu ili kiuno kiwe chembamba. Si kweli. Fikiria mwenyewe, upasuaji wa siku zile ulikuwa wa kuua, nani angelazwa mezani kutolewa mbavu kwa ajili ya gauni? Kilichokuwepo ni koseti: vazi la ndani la kitambaa kigumu, lina vijiti vya chuma au mfupa wa nyangumi vimeshonewa kusimama wima, mbele kuna vifungo vya chuma, nyuma kuna kamba. Unavaa juu ya shimizi, mtu anakuvuta kamba.

Nami niseme haki. Si wote walijinyonga nayo. Wanawake wa kawaida walifua, walipika, walilea, na wauguzi wenzangu wa London waliuguza wagonjwa wakiwa wamevaa koseti. Zilikuwepo za wajawazito, zenye kamba ubavuni za kulegeza tumbo linapokua. Zilikuwepo za wanaonyonyesha, zina vifuniko matitini, unafungua unamnyonyesha mtoto unafunga. Hilo mimi lilinishangaza kuliko mashetani yote ya kwenye tamthilia. Mama kajifungua juzi, ana maziwa yanachuruzika, na bado amefungwa chuma kiunoni.

Lakini ukiibana kweli, mwili unalipa. Pumzi haishuki chini, mtu anahema kwa kifua cha juu tu, ndiyo maana kwenye hadithi za zamani kila mwanamke anazimia. Chakula kinakataa. Misuli ya mgongo na tumbo inazoea kushikiliwa na chuma, inalegea.

Sasa niambieni. Kuna tofauti gani kati ya hiyo na ule mkanda wa mpira wenye ndoano safu tatu mnaouziana mitandaoni, eti "rudisha kiuno ndani ya siku 14"?

Nimewahi kumkuta mama, siku ya tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji, amejifunga mkanda huo chini ya dera wakati wa kuzungusha dawa. Alikuwa anahema juujuu. Mimi nilifikiria damu kuganda, nilifikiria maambukizi ya mapafu, moyo ukanienda mbio. Nikamwambia ajifunue nione kidonda. Ndoano zimesimama hapo kwenye mshono, pamelowa, pamekuwa pekundu. Aliuvaa kwa sababu dada yake alikuwa amemwambia kuwa ukichelewa wiki ya kwanza tumbo ndilo limeshakaa hivyo milele, na mume ataangalia pembeni. Alilia nilipoufungua. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa kuwa nimemfungua.

Naomba mnisikilize, hili nalisema taratibu. Mfuko wa uzazi unajirudi wenyewe, unachukua kama wiki sita kurudi karibu na ukubwa wake wa awali. Mkanda haukaushi mafuta. Ukibana katikati kwa nguvu, unachobana kinatafuta pa kwenda, na kinakwenda chini, kwenye misuli ya nyonga ambayo imebeba mimba miezi tisa na labda imetoka kupitisha mtoto juzi. Ndiyo hao baadaye wanakuja wanaona aibu kusema: nesi, nikikohoa mkojo unatoka. Nesi, nahisi kama kuna kitu kinashuka.

Sisemi usifunge chochote. Kitambaa kipana, laini, kinachoshikilia tumbo unapoinuka kitandani au unapotembea baada ya upasuaji, kinaweza kupunguza maumivu, na wengi kinawasaidia. Bibi yako anapokufunga kwa kanga, mara nyingi anafanya jambo hilo hilo, na kanga ukicheka inalegea yenyewe. (Maji ya moto ya kukanda tumbo ni mada nyingine, nitaiandika, maana hapo mimi na mabibi hatuelewani.) Kipimo changu ni hiki: ukiwa umefunga, uweze kupitisha kiganja, uweze kula ukashiba, uweze kuvuta pumzi mpaka chini, uweze kucheka. Na kidonda kibaki kikavu, kisiguswe na ndoano wala zipu. Mazoezi ya kubana na kuachia, kama mtu anayezuia mkojo, anza taratibu ukishapona maumivu. Hayauzwi, ndiyo maana hakuna anayeyatangaza.

Yule mama aliondoka bila mkanda. Aliuacha kwenye kabati la kitanda. Sijui kama alinunua mwingine.

SEHEMU YA 3

Hii ni fupi lakini msiiruke.

Kwenye tamthilia kuna kijana mzuri, Dorian Gray, yule asiyezeeka. Huyo alibuniwa na mwandishi Oscar Wilde, kitabu kilitoka 1890 kwenye jarida na 1891 kama kitabu. Oscar Wilde alikuwa na dada wawili wa baba mmoja, Emily na Mary, miaka 24 na 22. Mwaka 1871, huko Ireland, walikwenda kwenye sherehe. Gauni la mmoja lilishika moto. Mwenzake akamkimbilia kumsaidia, na lake likashika. Wakafa wote wawili. Baba yao alikuwa daktari mashuhuri wa macho na masikio, na hakuwa na la kufanya.

Magauni ya wakati ule yalikuwa mapana, kitambaa chepesi juu ya tabaka nyingi, hewa imejaa katikati. Cheche moja inatosha. Wanawake wengi walikufa hivyo Ulaya, na watazamaji hatuoni hilo kwenye tamthilia, tunaona mishumaa mizuri tu.

Sasa angalia dera lako. Jepesi, pana, mikono inaning'inia, na mara nyingi ni kitambaa cha plastiki ambacho hakiungui kikaisha, kinayeyuka na kushika ngozi. Halafu jiko la mkaa liko chini sakafuni, mtoto anatambaa, na wewe umeinama kugeuza maandazi. Nimefanya kazi na waliounguzwa. Sitaki kuwaeleza harufu.

Jikoni kunja mikono ya dera, au vaa kanga ya pamba ifunge vizuri. Nguo ikishika moto usikimbie. Lala chini, viringika, mwenzako akufunike kwa blanketi zito. Kisha maji ya bomba, ya kawaida, yatiririke juu ya pale palipoungua dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, utachoka, endelea. Usiweke dawa ya meno, usiweke unga, usiweke yai, usiweke mafuta. Nguo iliyogandia usiibandue. Funika kwa kitambaa safi, njooni hospitali.

SEHEMU YA 4

Kuna dada mwingine kwenye tamthilia, Brona, mhamiaji maskini kutoka Ireland, anauza mwili ili aishi, na anakohoa damu. Nimesikia watu wanasema "hata akiumwa anapendeza". Nimesikia na kinyume chake, kwamba amerogwa. Brona ana kifua kikuu. Wazungu wa karne ile nao waliwahi kuona kifua kikuu kinapendezesha: weupe, mashavu mekundu ya homa, kiuno kinaisha chenyewe. Warembo wazima walijipaka poda wafanane na wagonjwa. Baadaye, karibu na mwaka 1900, madaktari wakaanza kulalamika kuwa yale magauni ya kuburuta barabarani yanazoa makohozi ya watu na kuyaingiza ndani kwa watoto, na pindo zikaanza kupanda juu taratibu.

Robert Koch alikuwa amekwishawaonyesha watu kijidudu chenyewe mwaka 1882. Kwa hiyo mwaka 1891 walijua kinachomuua Brona, ila dawa hawakuwa nayo. Ya kwanza ya maana ilikuja miaka ya 1940. Sisi tunayo, bure, miezi sita. Na mtoto wako alichomwa BCG akiwa mchanga, kile kidonda kidogo ulichonipigia simu usiku kuniuliza kama ni jipu. Ukikohoa wiki mbili, njoo upime. Hapo nimemaliza.

Ila daktari wake ndiye aliyenitoa roho. Victor Frankenstein, kijana, mikono ya shati imekunjwa, yuko ndani ya maiti mpaka kwenye viwiko. Wenzangu waliokuwa wanaangalia walikuwa wanaziba macho kwa ajili ya ile maiti. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Nawa mikono!" Wakanicheka.

Lakini mnajua nani alimbuni Victor? Mary Shelley, msichana wa Kiingereza, kitabu chake kilitoka 1818. Na mnajua mama yake alikufaje? Mama yake, Mary Wollstonecraft, naye alikuwa mwandishi, mtetezi wa wanawake kusoma. Alimzaa Mary tarehe 30 Agosti 1797. Kondo la nyuma halikutoka. Akaitwa daktari, akaingiza mkono, akalitoa vipande vipande. Hakuna dawa ya usingizi, hakuna glavu, na kunawa mikono kwa ajili ya vijidudu hakuna aliyekuwa analijua. Homa ikaanza baada ya siku chache, na tarehe 10 Septemba akafa. Mtoto akabaki na baba. Ilichukua miaka hamsini mpaka Semmelweis, daktari wa Vienna, alipogundua mwaka 1847 kwamba madaktari waliokuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha ndio waliokuwa wakiwapelekea wazazi ile homa. Akawaagiza wanawe kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka. Wenzake wengi wakamkasirikia.

Kwa hiyo ninapoona daktari wa hadithi ile amelowa damu ya maiti, mimi siogopi maiti kuamka. Namfikiria aliyeandika, mtoto wa siku kumi na moja aliyebaki bila mama kwa sababu ya kondo lililobaki.

Haya mambo hayajaisha. Baada ya kujifungua, ukipata homa, baridi ya kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya, damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, au tumbo la chini linauma ukiligusa, usisubiri arobaini iishe. Siku hiyo hiyo njoo, hata usiku.

SEHEMU YA 5

Hii niliiweka akiba. Kama hamjafika msimu wa tatu, kuna kidogo nitawaharibia, mnisamehe.

Vanessa anaugua tangu mwanzo. Anatetemeka, anaongea kwa sauti nyingine, anakataa kula, analala siku nyingi akiwa amefungwa kitandani. Ndani ya hadithi ni shetani kweli, mwandishi ameamua hivyo, ni haki yake. Na watazamaji wetu, kumi kati ya kumi, wanasema hivyo hivyo: "Ana mashetani yule, aombewe." Sawa.

Lakini msimu wa tatu kuna kipindi kimoja, cha nne, ambacho karibu hakina mavazi kabisa. Hakuna kola ndefu, hakuna lesi, hakuna kiuno. Kuna chumba kimoja cheupe chenye kuta za godoro, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na Vanessa ndani ana nguo ya wagonjwa na nywele zimevurugika. Kuna mhudumu mmoja anayeingia na kutoka na sahani ya chakula. Mwanzoni anafuata sheria tu. Siku zinavyokwenda anaanza kumbembeleza ale. Siku moja anamchana nywele, anampamba uso. Basi. Karibu saa nzima, watu wawili, chumba kimoja.

Niliulizia wote walioiangalia kipindi gani kiliwatoa machozi. Nilitegemea wangesema mwisho, maana tamthilia iliisha ghafla na watu wengi walikasirika kuwa hawakuandaliwa. Hapana. Wengi walisema kile cha chumba cheupe. Mmoja ni mwanamume mwenzetu wa maabara, mtu mgumu kama jiwe. Akaniambia, "Pale alipochanwa nywele." Mimi pia ni pale pale. Kuchana nywele za mgonjwa tulifundishwa mwaka wa kwanza wa stashahada, somo la kwanza kabisa la usafi wa mgonjwa, na ni kitu cha kwanza kuachwa wodi ikijaa.

Sasa niwaambie nilichokiona mimi, nikibadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane.

Aliletwa mama wa mtoto wa kwanza, siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua. Mikono imefungwa kwa kanga. Amekonda, midomo imepasuka. Siku ya nne alikuwa ameanza kutolala kabisa, hata mtoto akilala yeye macho. Siku ya sita akaanza kusema mtoto amebadilishwa, huyu si wake, kuna watu dirishani wanamwita. Shangazi wa mume akasema ni mashetani, maana mimba ilipita karibu na kaburi. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa. Baadaye kwa maombi, siku tatu bila kula. Mtoto alikuwa ananyweshwa maji ya sukari. Siku ya kumi na mbili mama alimbeba mtoto akaelekea naye kisimani, na jirani mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyewawahi.

Ule ni ugonjwa. Unawapata mama mmoja au wawili kati ya kila elfu moja wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, ghafla, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa akili maishani. Hauji kwa sababu alikuwa mama mbaya wala kwa sababu ya kaburi. Unatibika. Wengi wanapona kabisa. Lakini ni wa dharura, kama kifafa cha mimba au kutokwa damu, hauna kesho. Ni tofauti na ile huzuni ya siku chache za mwanzo ambayo karibu kila mama anaipata, analia bila sababu halafu inapita. Ni tofauti pia na sonona, ile huzuni nzito inayokaa wiki na wiki, nayo inatibika na nayo njoo.

Sikatazi maombi. Mimi mwenyewe nasali kabla ya zamu. Ila shangazi, ukimpeleka kuombewa, mwombaji na aje hospitali, milango iko wazi. Asiyelala siku mbili mfululizo huku mtoto amelala, anayesema mtoto si wake, anayesikia sauti, asiachwe peke yake na mtoto hata dakika ya kwenda chooni, na aletwe leo.

Alilazwa. Wiki ya kwanza hakuniangalia usoni. Nilikuwa nikimaliza dawa, kama wodi imetulia, nakaa nyuma yake na kitana, maana nywele zilikuwa zimeshikana na moshi wa mafusho bado unanuka. Nilimsuka mabutu manne, mistari imepinda, mimi si msusi. Siku moja akauliza, "Nesi, mtoto wangu amekula?" Alisema mtoto wangu. Nikatoka nje kidogo.

Alirudi kliniki mtoto ana miezi mitano, ananenepa. Yeye kavaa dera la manjano. Shangazi wa mume ndiye aliyembeba mtoto.

SEHEMU YA 6

Nimalizie na hili maana nimeulizwa sana na ndugu zetu wa visiwani. Ndiyo, ile ya mwanzo wa msimu wa tatu ni Zanzibar. Mzee Malcolm, yule mpelelezi wa Afrika, yuko Zanzibar mwaka 1892 baada ya kumrudisha Sembene kuja kuzikwa. Na hapa nina ugomvi wangu kama mtazamaji. Sembene, Mwafrika pekee wa maana kwenye ile nyumba, aliyeigizwa vizuri na Danny Sapani, misimu miwili anapika, anafungua mlango, analinda watu, na hatuambiwi ana mke, ana mama, anatoka wapi hasa. Halafu anauawa. Wenzangu wengi walikasirika na mimi nilikasirika nao.

Na Zanzibar yenyewe tunaipita haraka. Natamani kamera ingekaa dakika tano zaidi kwa wanawake wa mjini. Miaka ile ile ambayo wenzao wa London wanavutwa kamba mgongoni, hapa kanga ndiyo inashika kasi, na baada ya utumwa kufutwa visiwani mwaka 1897 wanawake waliokuwa watumwa waliinunua na kuivaa kuonyesha kuwa wao sasa ni watu huru. Pescucci angefanya maajabu nayo. Kitambaa kile kile unajifunga, unambeba mtoto, unatandika, unajitanda kwenda msibani, na leo ukija kujifungua nakwambia ulete doti mbili safi zilizopigwa pasi, moja ya kumpokelea mtoto.

Haya, kesho na keshokutwa niko zamu ya usiku, nitachelewa kujibu. Wenye maswali ya mshono, kidonda na kutolala niandikieni faragha, msione haya. Wenye maswali ya gauni la Vanessa, mita ngapi, bei gani, lesi inapatikana wapi, muulizeni fundi. Mimi fundi wangu ameshanikatalia, anasema kwa joto hili halishoni.